Maiki ya kanisa ni ya nani?

Wapendwa, tangu tuguse hii mambo ya harambee makanisani barua zimemiminika mpaka zingine nimezisomea kwa matatu, na nyingi zinauliza kitu kimoja tu kwa maneno tofauti. Nimechagua tano. Majina nimeyatoa maana wengine mnaishi na wazazi na wengine bado mnaimba kwaya.

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Mi ni msichana wa miaka 22, niko Kayole, naimba sauti ya kwanza tangu nikiwa darasa la sita. Jumapili moja mheshimiwa alikuja na magari kama kumi, akapewa maiki kabla ya mahubiri, akaongea dakika arobaini siasa tupu, akatukana wapinzani wake, alafu akatoa bahasha ya laki moja akasema ni ya kwaya tushone sare. Wenzangu wakapiga vigelegele, mi nikatoka nje nikakaa chini ya mti. Vijana wengine wakanifuata na wengine wakaanza kupiga kelele "rudisha pesa, rudisha pesa". Sasa mama haongei na mimi, anasema nimeaibisha jina la marehemu baba na tumevuruga ibada. Mwenyekiti wa kwaya naye anataka niombe msamaha mbele ya kanisa ndio nipewe sare. Nimekosa wapi?
*Mwanakwaya, Kayole*

JIBU: Mwanangu, kutoka nje hukukosa, na nakwambia hivyo nikijua mama yako atasoma hapa.

Tuanze na hiyo ya kuvuruga ibada. Ibada ilikuwa inaendelea, watu wameimba, masomo yamesomwa, wanangoja neno, kisha mtu fulani mwenye mamlaka ya kanisa akachukua maiki akampa mtu wa siasa dakika arobaini. Hapo ndipo ibada ilisimama. Nyinyi mlitoka ikiwa tayari imesimama. Ningekukemea kama mngepiga kelele watu wakiwa kwa maombi au wakipokea meza ya Bwana, hiyo hapana, hata ukiwa na hasira ya haki subiri. Lakini mtu akigeuza madhabahu kuwa jukwaa la kampeni hawezi kudai anyamaziwe kama anahubiri.

Na haya hayakuanzia kwenu. Jumapili ya tarehe 23 Juni 2024, katikati ya ile wiki ya Mswada wa Fedha, vijana walikuwa wanaambiana mtandaoni waende kanisani wakaseme, na wengi wakafanya hivyo. Walikuwa wamesoma mswada wenyewe ulivyoletwa mwanzo, ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 kila mwaka kwa gari, na wakaona wabunge wanaoupigia kura ndio haohao wanaokaa viti vya mbele Jumapili na kuitwa watumishi. Siku mbili baadaye, tarehe 25, bunge likapitisha, vijana wakaingia bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu angalau watu 60 waliokufa kwenye maandamano ya mwaka ule. Rais akakataa kuutia sahihi tarehe 26, watu wakiwa mochari.

Sasa sikiliza hii maana iko karibu na kwenu kabisa. Julai ya 2024, baada ya hizo vurugu, Rais William Ruto mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee na akaagiza sheria iandikwe. Nilifurahi sana siku hiyo. Novemba 17 mwaka huohuo akaenda kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, hapo tu jirani yako, akatoa shilingi laki 6 za kwaya na baraza la wamisionari la parokia, milioni 2 za nyumba ya padri, akaahidi milioni 3 zingine na basi. Kesho yake askofu mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akasema pesa zirudishwe na hizo ahadi kanisa halizitaki. Siku chache kabla, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameisema serikali waziwazi juu ya uongo na ushuru na vijana kutekwa, sasa wangewezaje kusema hivyo Alhamisi na kupokea basi Jumapili?

Yaani askofu mkuu mzima alifanya kitu kama kile ulichofanya wewe, ila wewe hukuwa na barua yenye muhuri, ulikuwa na mti tu.

Alafu Machi 2 ya 2025 tukaona Rais akitoa milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry kule Roysambu na ahadi ya kurudi na marafiki wachange milioni 100. Jumapili iliyofuata vijana wakataka kuingia, barabara zikachomewa matairi, na polisi wakarusha vitoa machozi karibu na nyumba ya ibada, na wamama wako ndani na watoto wa sandei skuli. Mshahara wa rais kwa mwezi ni kama milioni 1.4 hivi. Piga hesabu mwenyewe, milioni 20 ni zaidi ya mwaka mzima wa mshahara bila kula na bila kukatwa kodi. Mtu akiuliza pesa imetoka wapi anaambiwa ana roho ya wivu, ana pepo. Mi nasema hilo swali ni la Kikristo kabisa.

Acha nikwambie kitu kilichonipata maana ndicho kinaniuma nikisoma barua yako. Kanisa langu, sitalitaja, lilikuwa na paa inayovuja, na mwanasiasa mmoja akaleta laki 3 za mabati. Tulimshangilia, hata mimi nilipiga makofi, mabati yakawekwa na mvua ikaacha kutunyeshea. Julai 2024 mimi ndiye nilikuwa zamu ya maombi ya waumini, nikaandika karatasi yenye majina ya vijana wanne wa mtaa wetu waliopigwa risasi, wawili wamekufa wawili wako hospitali, tuwaombee kwa majina. Kabla ya ibada mchungaji akaniomba karatasi, akaisoma, akaikunja, akaiweka kwa mfuko wa kanzu akaniambia pole pole, "Mwalimu, leo tuna mgeni." Mgeni alikuwa ni yuleyule wa mabati. Nikasimama mbele nikaomba "kwa ajili ya amani ya nchi". Mama wa mmoja wa wale waliokufa alikuwa ameketi safu ya tatu. Aliniangalia. Tangu siku hiyo najua laki 3 ilinunua nini, mabati ni sehemu ndogo tu.

Kwa hiyo usiombe msamaha kwa kutoka. Ukiulizwa mbele ya kamati sema hivi kwa adabu, nilitoka kwa sababu siasa iliingia kwenye ibada, sikumtukana mtu. Sare si kitu, imba na nguo yako, wakikukataza kuimba kaa kwa benchi uimbe ukiwa hapo. Na mama yako usimjibu kwa mabishano ya meseji. Nenda jikoni akipika, kaa naye, mwache aseme yote mpaka amalize, maana nyuma ya hasira yake nasikia hofu, yeye anajua vijana wanachukuliwa usiku na anaogopa mtoto wake kuonekana. Mwambie unajua hiyo hofu. Mambo ya baba muulize, baba angefanyaje? Pengine atakushangaza.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi kijana wa Kisauni, Mombasa. Imamu wetu alisema kwa khutba ya Ijumaa maandamano ni fitna na anayekwenda huko ajue amemuasi Mola wake. Binamu yangu alipigwa rungu mwaka 2025 siku ya kumbukumbu ya tarehe 25 Juni, mpaka leo mkono haunyooki, sasa nyumbani wanamwambia alijitakia. Najua wewe si Muislamu lakini unaonaje?
*Msomaji, Kisauni*

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kweli mi si Muislamu na fatwa sitakutolea, hiyo si kazi yangu. Ila nilimuuliza ustadhi jirani yangu ambaye namheshimu, akaniambia masheikh hawako kauli moja, wako wanaozuia kabisa kwa kuogopa damu kumwagika, na wako wanaotofautisha kati ya kumshikia mtawala upanga na kumwambia ukweli, na akanitajia hadithi inayojulikana kwamba jihadi bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Kwa hiyo imamu wako ana watu nyuma yake katika elimu, na wewe pia unao. Nenda kwake baada ya swala, si mbele za watu, umuulize taratibu, je mtu akitembea na bendera na chupa ya maji naye ni fitna? Ukimuuliza hivyo atajibu kama mzazi.

Na wazee wenu wa Mombasa wanalijua hili jambo kuliko mnavyodhani. Muulizeni yeyote aliyekuwa kijana 1992, vyama vingi vimerudi, Islamic Party of Kenya ikanyimwa usajili kwa sababu ni chama cha dini, Sheikh Khalid Balala akawa anahutubia na Mombasa ikawaka moto. Msikubali kuambiwa kwamba vijana wa Kiislamu kudai haki ni kitu cha TikTok.

Juni 2024 hapa Nairobi Jamia Mosque ilifungua milango kwa waliokuwa wanakimbia vitoa machozi, wakapewa maji na huduma ya kwanza, na hakuna aliyeulizwa dini yake. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani wa sandei skuli. Aliniambia mzee mmoja alimmwagia maji machoni kwa mkono wake mwenyewe, akamshika kichwa kama mtoto. Hiyo picha haijanitoka mpaka leo.

Kwa binamu, kifungu cha 37 cha Katiba kinampa mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Aliyekwenda kupora duka hana kifungu, lakini binamu yako kama alikuwa anatembea tu, rungu ndilo lilivunja sheria. Apate karatasi za hospitali, aandikishe malalamiko IPOA, ile mamlaka ya kuwasimamia polisi, ni bure. Na nyumbani waache neno "alijitakia". Mkono usionyooka unatosha.

SWALI: Mwalimu, nakusoma kila mara lakini hapa unapotosha vijana. Mimi ni mzee wa kanisa Nakuru, miaka 34 katika utumishi. Warumi 13 inasema kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu. Viongozi wanakuja kanisani kuabudu kama wengine, wakitoa sadaka tuwafukuze? Vijana wa siku hizi hawana adabu, wanataka kutawala kanisa ambalo hawakulijenga.
*Mzee wa kanisa, Nakuru*

JIBU: Mzee wangu, nakusalimu kwa heshima, na asante kwa kuandika bila kutukana.

Kiongozi aje aabudu. Aje hata kila Jumapili. Aketi, aimbe, asikilize neno, atumbukize sadaka kwa kikapu kama yule mama anayeuza mboga, tena bahasha isitangazwe. Hakuna kijana nimewahi kumsikia akipinga hilo. Wanachopinga ni maiki, kiti cha kifahari, na kiasi kusomwa kwa sauti. Kanisa la Anglikana liliona hivyo Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno anawekwa wakfu kuwa askofu, mwanamke wa kwanza Kenya kuongoza dayosisi ya Kianglikana. Wanasiasa Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwepo, na askofu mkuu Jackson Ole Sapit akasema mimbari si yao. Waliketi wakaabudu. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Warumi 13 endelea nayo mpaka aya ya 4, inasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Kwa hiyo mtume anamtii mtawala na papo hapo anampa kazi ya kufanya. Na kwenye Matendo 5 Petro na wenzake wanasimama mbele ya baraza wanasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Zote mbili ziko kwa Biblia yako Mzee, najua umezisoma mara nyingi kuliko mimi.

Lakini mi nataka nikukumbushe yale uliyoyaona kwa macho. Miaka 34 ya utumishi ina maana ulianza wakati ule mgumu, na kabla yake kidogo tu, Agosti 1990, askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri Peter Okondo kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Akaenda, akahubiri, na akirudi siku hiyo ya tarehe 14 akafa kwa ajali barabarani. Mliambiwa wakati huo kwamba Muge hana adabu. Askofu Henry Okullu aliambiwa hivyohivyo, David Gitari pia. Mchungaji Timothy Njoya alipigwa na polisi ndani ya All Saints' Cathedral, Nairobi, Julai 1997, tena akapigwa nje ya bunge Juni 1999 mchana peupe na picha zikazunguka dunia nzima. Na 1992, wale kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliogoma kula Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, walipopigwa na kutawanywa walikimbilia wapi? All Saints, chini kule kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, wakakaa karibu mwaka mzima mpaka karibu wana wao wote wakaachiliwa.

Nilikuwa msichana mdogo, mamangu alinipeleka na sufuria ya githeri tuwapelekee. Nakumbuka baridi ya ile sakafu na wamama wamekaa wakiimba nyimbo za kitabu, zilezile tunazoimba. Mimi imani yangu ilianzia pale Mzee, si kwenye kipaimara. Niliona kanisa ni mahali mtu anakimbilia akifukuzwa na askari, na ndiyo maana nikiona kijana anafukuzwa na askari kutoka kanisani naumia mpaka nashindwa kulala.

Kuhusu kanisa ambalo hawakulijenga, ni kweli hawakubeba mawe. Lakini nani anapanga viti saa kumi na mbili asubuhi, nani anapiga kinanda, nani anafunza watoto, nani anashika kamera? Wape nafasi mbili kwa kamati ya fedha, siyo kamati ya vijana, ya fedha. Utaona adabu yao huko.

SWALI: Mwalimu, niko Doha, kazi ya ulinzi. Kwa miaka minne nimetuma sadaka ya ujenzi nyumbani kila mwezi, kidogo kidogo. Juzi nimetumiwa picha, jiwe la msingi limeandikwa jina la mbunge aliyetoa pesa siku moja. Nimevunjika moyo. Niendelee kutuma?
*Mlinzi, Doha*

JIBU: Kaka, pole. Umesimama kwa jua la huko masaa kumi na mbili ili tofali lipande, na hakuna hata karatasi imeandikwa kwamba uko.

Usiache kumtolea Mungu lakini usitume tena kwa namba ya simu ya mtu binafsi mpaka upate majibu. Andika kwa katibu, nakala kwa mweka hazina, uliza vitu vitatu tu: jumla iliyoingia kwa ujenzi tangu uanze kutuma, iliyotumika, na akaunti ya benki ni ya jina gani. Ni haki ya muumini, si ukorofi. Wakikujibu vizuri endelea. Wasipojibu mwezi mzima, kuna wajane kwa kijiji chenu, mama yako anawajua kwa majina, mtumie yeye awanunulie unga. Hiyo nayo ni sadaka kamili. Na lile jiwe, waambie vijana wa kanisa waulize kwenye mkutano mkuu nani aliamua jina liandikwe, iandikwe kwa kumbukumbu ya mkutano, maana kitu kikishaandikwa pale kinakuwa kigumu kufichwa.

SWALI: Mwalimu, mi niko na miaka 19, Thika. Tumeandamana, tumeimba, tumetoka kanisani, watu wamekufa, na bado wanatoa mamilioni kwa madhabahu. Mchungaji wetu anasema tuombe tu. Rafiki zangu wanasema kura ni bure, zinaibiwa. Nifanye nini sasa?
*Kijana, Thika*

JIBU: Mwanangu, omba, na usimdharau mchungaji kwa kusema hivyo, ila hata yeye akiomba mvua analima shamba.

Sitakudanganya kwamba mambo ni rahisi. Albert Ojwang alikuwa mwalimu kama mimi, akakamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya kitu mtandaoni na Juni 8 ya 2025 akafa mikononi mwa polisi Nairobi. Siku tisa baadaye watu wakiandamana kwa ajili yake, Boniface Kariuki, kijana anayeuza barakoa, alipigwa risasi kichwani katikati ya jiji na baadaye akafa. Nikikwambia "nenda tu barabarani" nakuwa nacheza na maisha ya mtoto wa mtu. Ukienda, nenda na wenzako, mjulishe mtu nyumbani, andika namba ya simu mkononi, na ukiona vijana wa pikipiki wamebeba rungu wanatembea na polisi ondoka, hao hawakuja kuandamana.

Hiyo ya kura naijibu kwa ukali kidogo. Nchi ilikaa tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025 bila makamishna wa IEBC, ile tume ya uchaguzi, zaidi ya miaka 2, na wanasiasa wengi walilala usingizi mzuri tu. Nani anafaidika wewe ukikosa kuwa kwa daftari? Usajili wa wapiga kura ulianza tena tarehe 29 Septemba 2025 kwenye ofisi za maeneobunge, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukishasajiliwa, usiku wa kuhesabu usiende kulala, baki karibu na kituo chako, fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za rais, inabandikwa mlangoni, piga picha. Kituo kimoja tu, chako. Kila kijana akishika kituo chake kuiba kunakuwa kazi ngumu sana.

Kwa hiyo wiki hii, kitambulisho cha taifa mkononi, ingia ofisi ya IEBC pale Thika, ni bure, hata saa moja haimalizi. Na kwa sababu umesema mko wengi, ongea na mchungaji wako atangaze Jumapili kwenye matangazo, baada ya yale ya harusi, kwamba vijana wote wenye miaka 18 na zaidi mkutane nje ya kanisa Jumatatu saa mbili mwende pamoja. Dakika moja tu ya maiki. Akikubali niandikie mlikuwa wangapi, akikataa pia niandikie.